Mtoto Akipona Maambukizi Makali ya Bakteria: Namna ya Kutafuta Kama Kinga Yake Ina Kasoro ya Kurithi

Katika wodi za watoto hapa Tanga kuna saa ambayo kila mtu huipenda, nayo ni asubuhi ya ruhusa. Mama amekwisha kujifunga khanga ya safari, chupa ya chai imetiwa kapuni, na mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa hashiki ziwa sasa anavuta kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa muuguzi. Karatasi ya ruhusa imeandikwa: nimonia kali, amepata nafuu. Mimi ni muuguzi wa watoto na saa hiyo naipenda kama wenzangu, lakini miaka ya kazi imenifunza kwamba ndiyo saa ambayo swali moja hupotea. Kwa nini mtoto huyu, na si nduguye anayelala naye kitanda kimoja, ameshindwa na kimelea ambacho watoto wengi hukibeba puani bila hata kukohoa?

Mara nyingi jibu ni la kawaida: lishe duni, malaria ya hivi karibuni, surua, chanjo iliyokosekana. Hata hivyo wapo watoto ambao wamezaliwa na kinga yenye pengo mahali fulani, na ugonjwa wao wa kwanza mkali ndio unaotangaza pengo hilo. Ufaransa kulichapishwa mwaka 2014 utafiti wa watoto 163 waliougua vibaya kwa bakteria aitwaye nimokoka, na ulikuta kasoro ya kinga ya kuzaliwa kwa takriban mtoto mmoja katika kila kumi. Miongoni mwa wale waliokuwa wamevuka miaka miwili, ilikuwa karibu mmoja katika kila wanne. Siwezi kuzihamishia takwimu hizo Ngamiani au Pangani kana kwamba ni zetu, maana sisi tuna malaria na utapiamlo wa kutosha kuongeza visababishi vingine. Linalotuhusu sisi sote ni kwamba hata ugonjwa mmoja, ukiwa mkali kupita kiasi, unatosha kuuliza. Si lazima mtoto augue mara tano ndipo mtu ashtuke.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wazazi, na pia kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ambao ndio wanaomwona mtoto kabla hajafika hospitali ya mkoa.

Kwanza mtoto atibiwe

Hakuna uchunguzi wa kinga unaotangulia kuokoa maisha. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, anayepumua kwa haraka huku mbavu zikiingia ndani, apelekwe kituo cha afya saa ileile, usiku uwe usiku. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, homa peke yake inatosha, na mwili kuwa wa baridi kupita kawaida unatosha vilevile. Nasisitiza degedege kwa sababu katika pwani yetu bado wapo wazee wanaomfukiza mtoto kwanza na kumpeleka hospitali baadaye, na saa hizo mbili au tatu ndizo zinazotofautisha mtoto atakayesikia maisha yake yote na yule atakayebaki kiziwi baada ya homa ya uti wa mgongo.

Jambo la pili ni kwamba kipimo cha malaria kikionyesha malaria, bado bakteria hawajaondolewa mashaka. Hili lilionekana hapahapa mkoani. Katika utafiti uliofanyika Muheza na kuchapishwa mwaka 2010, watoto zaidi ya 3,600 waliolazwa kwa homa walioteshwa damu, yaani damu yao iliwekwa maabara ionekane kama bakteria wataota; wengi wao walikuwa na vimelea vya malaria, na takriban mmoja katika kila kumi na mmoja alikuwa na maambukizi mazito ya bakteria. Waliotangulia kwa wingi walikuwa salmonela wasio wa homa ya matumbo, wakifuatiwa na nimokoka. Kwa hiyo mzazi akisikia neno malaria asione haya kuuliza kwa adabu: "Daktari, na bakteria tumewaangalia?"

Damu ya kuotesha hutakiwa itolewe kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki, kwa sababu dawa ikishaingia mwilini vimelea mara nyingi hukataa kuota kwenye chupa hata kama bado vipo. Lakini kama chupa za kuoteshea hazipo, au anayejua kutoa damu ya kichanga hayupo, sindano isingoje. Afadhali mtoto aliyepona bila jina la kimelea kuliko jina la kimelea bila mtoto.

Dai jina la kimelea, kisha liandike

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana jina la bakteria ni kama alama ya mguu mlangoni: huonyesha mwizi alipitia wapi. Kinga ya mwili si ukuta mmoja. Ina askari wa doria wanaomeza vimelea, ambao ni chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili. Ina chembe za limfosaiti, ambazo baadhi yake hutengeneza kingamwili na nyingine huua chembe zilizoambukizwa. Ina protini za damuni zinazotoboa ngozi ya bakteria. Na ina bandama, ambayo huchuja damu na kuwakamata bakteria wenye vazi la sukari kama nimokoka. Pengo likiwa sehemu moja, vimelea wanaopenya ni wa aina moja.

Nimokoka na hemofilasi wanaomrudia mtoto wa kiume baada ya miezi sita ya kwanza huelekeza kwenye ukosefu wa kingamwili. Miezi sita ina sababu yake: mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake zilizopita kwenye kondo, na hizo humlinda mpaka zinapokwisha. Daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, ndiye aliyeeleza hali hii mwaka 1952, baada ya kumhudumia mvulana wa miaka 8 ambaye nimokoka walikuwa wakiingia damuni mwake mara kwa mara. Alipompima alikuta sehemu ya damu inayobeba kingamwili haipo, akaanza kumdunga kingamwili za watu wengine, na mtoto akatulia. Jini yenye kasoro ilijulikana mwaka 1993. Kuna dalili moja ambayo hata muuguzi wa zahanati anaweza kuitazama kwa tochi: watoto hawa huwa na tezi za koo ndogo mno, au hazionekani kabisa, ilhali mtoto mwingine mwenye maambukizi ya mara kwa mara tezi zake huwa zimevimba.

Nimokoka hao hao, au stafilokoka, wakimwangusha mtoto ghafla huku homa yake ikiwa ndogo na vipimo vya damu vinavyoonyesha mwili unapambana na maambukizi vikiwa vya chini siku ya kwanza, huelekeza kwingine: kwenye kasoro za mfumo wa kengele ya hatari, ambazo wataalamu huziita kwa majina ya protini zake, IRAK-4 na MyD88. Mwili haupigi kelele mapema, na ndiyo maana mzazi huambiwa "homa si kali, rudi nyumbani." Kasoro hizi zinatisha katika miaka ya kwanza, lakini mtoto akivushwa salama mpaka ujana, maambukizi makali hupungua sana, kwa hiyo kuzijua mapema kuna faida kubwa.

Majipu yanayojirudia, hasa jipu la ini au usaha ndani ya tezi, pamoja na stafilokoka au salmonela, humfanya daktari afikirie ugonjwa ambao nyutrofili humeza kimelea lakini hushindwa kukiua. Salmonela anayekataa kuondoka damuni, au chanjo ya kifua kikuu iliyosambaa mwilini, huelekeza kwenye kasoro ya mawasiliano kati ya limfosaiti na chembe zinazomeza vimelea. Meningokoka aliyemrudia mtoto mara ya pili, au aliyewashambulia ndugu wawili kwa nyakati tofauti, huelekeza kwenye zile protini za damuni. Na kidonda kinachooza bila kutoa usaha, wakati chembe nyeupe zimejaa tele kwenye majibu ya maabara, humaanisha kwamba askari wapo lakini hawawezi kutoka kwenye mshipa kwenda vitani.

Mzazi halazimiki kuyakumbuka haya yote. Anachopaswa kufanya ni kuhakikisha kwamba karatasi ya ruhusa haisemi "maambukizi ya damu" tu bali inataja kimelea kilichoota, sehemu kilikoota, iwe damu, maji ya uti wa mgongo au usaha, na dawa iliyokiua. Kama haikuandikwa, aombe iandikwe kabla hajatoka getini, kwa sababu mwaka mmoja baadaye faili linaweza kuwa limepotea, na daktari wa Dar es Salaam hawezi kubahatisha.

Sababu zilizo za kawaida zaidi zitangulie

Ingekuwa makosa kumkimbiza mtoto kwenye vipimo vya nadra wakati kilicho wazi hakijapimwa. Kipimo cha VVU ni cha kwanza, na kirudiwe hata kama mama alipimwa kliniki akiwa mjamzito na akaonekana hana, kwa kuwa mtu anaweza kuambukizwa baadaye, akiwa ananyonyesha. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 18 kipimo cha haraka hakitoshi, kwani huonyesha kingamwili za mama. Hutakiwa kile kinachotafuta virusi vyenyewe. Hali ya lishe ipimwe kwa utepe wa mkono na kwa mzani. Na iulizwe kama mtoto aliugua surua miezi ya karibuni, maana surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga, na mtoto huweza kuugua mfululizo muda mrefu baada ya vipele kuisha.

Selimundu nitaieleza kwa kirefu zaidi, kwani kwetu ndiyo ugonjwa wa kurithi unaoongoza kuwaweka watoto hatarini mbele ya bakteria. Inakadiriwa kwamba kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na mkoa wetu hauko kando. Watu wengi huijua kwa maumivu ya mifupa na macho ya manjano, lakini kabla ya hayo, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, chembe zilizojikunja huwa zimeanza kuziba na kuharibu bandama. Mtoto huyo huonekana mzima mpaka siku nimokoka atakapoingia damuni, na hapo anaweza kufariki ndani ya saa chache. Kinga yake ni rahisi mno: penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku, kwa kawaida miligramu 125 kabla ya kutimiza miaka mitatu na miligramu 250 baada ya hapo hadi angalau miaka mitano, kama daktari atakavyoandika, pamoja na chanjo zote kwa wakati. Kipimo cha selimundu kifanyike kabla mtoto hajaongezewa damu, kwa kuwa damu ya mtu mwingine huchafua majibu. Ikiwa amekwisha kuongezewa, daktari atapanga kukirudia baada ya miezi mitatu hivi. Nimeona mtoto aliyeandikiwa "hana selimundu" kwa sababu damu iliyopimwa ilikuwa ya mfadhili wake, na mama akakaa na karatasi hiyo kwa imani miaka miwili. Penisilini ambayo ingemlinda ilikuwapo kwenye duka la dawa la mtaani kwake.

Katika selimundu kuna somo ambalo mafundi wa maabara wanalijua vizuri. Bandama isipofanya kazi, ndani ya chembe nyekundu hubaki vinukta vyeusi ambavyo kwa kawaida bandama huvisafisha. Vinukta hivyo huonekana kwa darubini ileile inayotumika kutafutia malaria. Vikionekana kwa mtoto asiye na selimundu, inawezekana alizaliwa bila bandama kabisa, na picha ya mawimbi ya sauti ya tumbo itajibu hilo kwa dakika chache.

Mwulize bibi

Kati ya vipimo vyote ninavyovijua, hiki hakihitaji umeme. Nakumbuka mtoto wa kiume wa miezi tisa aliyelazwa kwa nimonia ya pili, safari hii ikiwa imejaza usaha kifuani. Mama yake, binti wa miaka ishirini na kidogo, alijibu maswali yote kwa "sijui" na "hapana." Mchana bibi yake mtoto alikuja na uji kwenye kidumu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza: "Bibi, kwenu walipata kufariki watoto wa kiume wakiwa wadogo?" Alifunika kidumu polepole, kisha akaniambia: "Wawili. Kaka zake huyu binti. Mmoja hajatembea, mwingine anaanza kusema. Wote tuliambiwa mchango." Yule binti alimtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza, alikuwa hajapata kuambiwa kwamba alikuwa na kaka.

Maneno yale ya bibi yalitupa ramani. Kasoro kadhaa za kinga hukaa kwenye kromosomu ambayo mwanamume anayo moja tu, kwa hiyo mama huibeba bila kuugua, na wanaougua ni watoto wake wa kiume, kaka zake, na watoto wa kiume wa dada zake. Ukiona vifo vya wavulana upande wa mama, mwambie daktari. Kasoro nyingine huhitaji nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama, na hizo hutokea zaidi pale wazazi wanapokuwa wa ukoo mmoja. Pwani yetu ndoa ya mtoto wa ami au wa mjomba ni jambo la heshima na la zamani, kwa hiyo swali hili liulizwe kwa upole, bila kumkunjia mtu uso, na lijibiwe bila kuona haya. Daktari anauliza ili ajue aanzie kupima wapi, na jibu hilo halimfanyi mtu yeyote kuwa mwenye makosa.

Chora ukoo kwenye karatasi: watoto wote waliozaliwa na baba na mama, wa shangazi, wa mama wakubwa na wadogo, wa mjomba, walio hai na waliofariki, umri waliofariki, na ugonjwa ulivyoelezwa kwa maneno ya wakati ule. Andika "mchango," "degedege," "kichomi," "aliota jipu la tumbo," kama walivyosema wazee, bila kutafsiri. Daktari anayesikiliza atajua la kufanya na maneno hayo. Mimba zilizoharibika hazina uzito mkubwa hapa. Waliozaliwa hai kisha wakafa kwa homa ndio wanaotafutwa.

Muulize bibi pia juu ya kitovu. Kwa kawaida kitovu hukatika ndani ya wiki mbili hivi za kwanza. Kikipita siku 30 kikiwa bado kimeshika, hasa kikiwa chekundu na chenye harufu, swali la nyutrofili zisizosafiri, au la ile kengele ya hatari, linapata nguvu. Dawa ya kupaka kitovuni, klorheksidini, nayo huweza kukichelewesha kwa siku kadhaa, kwa hiyo itajwe kama ilitumika.

Damu iliyokwisha kupimwa isomwe tena

Kabla ya kufikiria vipimo vya gharama, itafutwe karatasi ya hesabu kamili ya chembe za damu, ambayo mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa mkali kwa kawaida amekwisha kupimwa. Mara nyingi watu husoma wingi wa damu tu na kuipanga karatasi kwenye faili. Mstari wa limfosaiti ndio wa kutazamwa kwa mtoto mchanga: kichanga ana nyingi kuliko mtu mzima, kwa hiyo idadi iliyo chini ya 3,000 kwa mikrolita katika mwaka wa kwanza, ambayo kwa mtu mzima isingemshtua mtu, kwa mtoto ni ya kurudiwa haraka. Ikithibitika, pamoja na kuharisha kusikokoma, utandu mweupe mdomoni usioisha na uzito usiopanda, huenda ni upungufu mzito kabisa wa kinga, ambao bila matibabu mtoto kwa kawaida havuki mwaka wa pili. Hiyo ni rufaa ya siku ileile.

Mstari wa nyutrofili unahitaji busara. Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa asili, kati ya 1,000 na 1,500, kwa sababu ya alama fulani ya damu waliyorithi, nao wana afya kamili. Mzazi asitiwe hofu kwa nambari hizo. Chini ya 500 ni habari nyingine. Na kwa kuwa ugonjwa mkali wenyewe huweza kuzipunguza, kipimo kirudiwe mtoto akiwa amepona, wiki tatu au nne baadaye, na kikibaki chini kirudiwe tena. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chache na ndogo kwa mvulana mwenye ukurutu na kutokwa damu, hilo nalo ni jina la ugonjwa, na daktari wa watoto atalitambua.

Vipimo vinavyofuata, yaani viwango vya imunoglobulini (ndizo kingamwili), idadi ya kila aina ya limfosaiti, uwezo wa nyutrofili kuua, na uchunguzi wa jini, havipatikani katika kila hospitali, na vingine huhitaji damu iliyotolewa siku ileile, ndiyo maana mara nyingi husafiri mtoto badala ya chupa. Viwango vya imunoglobulini vitolewe kabla mtoto hajaongezewa damu au kudungwa imunoglobulini, ikiwezekana, na visomwe kwa jedwali la umri wake, kwani kiwango cha kawaida cha mtoto wa miezi sita kingeonekana pungufu kwa mtu mzima.

Chanjo wakati swali halijajibiwa

Hili huwachanganya wazazi, nami nawaelewa. Chanjo zisizo na kimelea hai ziendelee: ile ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14, ile ya nimokoka, na ile ya polio ya sindano. Mtoto mwenye kinga pungufu anazihitaji kuliko wengine, hata kama mwili wake utazipokea kidogo. Zinazosubiri ushauri wa daktari ni zile zenye kimelea hai kilichodhoofishwa: matone ya polio, rota, surua na rubela, na chanjo ya kifua kikuu. Hiyo ya mwisho hutolewa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mtoto anayetiliwa mashaka huwa amekwisha kuipata. Kilichobaki ni kukagua kovu. Uvimbe mdogo wa tezi kwenye kwapa la upande uliochanjwa hutokea kwa watoto wengi na huisha. Kidonda kinachopanuka mwezi hadi mwezi, tezi zinazovimba upande wa pili, au homa isiyo na maelezo pamoja na hayo, vipelekwe kwa daktari wa watoto bila kungoja siku ya kliniki.

Safari ya rufaa na daftari lake

Kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha Bombo, hospitali yetu ya mkoa, kisha Muhimbili au KCMC ya Moshi, mtoto atakutana na watu kumi watakaomuuliza maswali yaleyale. Nunua daftari gumu lenye jalada, lile wanalotumia wanafunzi wa sekondari. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa, siku kitovu kilipokatika, mchoro wa ukoo, na tarehe kila damu ilipoongezwa. Kurasa zinazofuata ziwe za kila ugonjwa: ulianza lini, homa ilifika ngapi, alilazwa wapi, kimelea gani kiliota, dawa gani na kwa siku ngapi. Kadi ya kliniki ibanwe ndani ya jalada, kwa sababu mstari wa uzito unaoanza kulala baada ya mwezi wa tano au wa sita unasema mengi. Majipu na vidonda vipigwe picha kwa simu siku vilipoonekana, maana siku ya miadi vitakuwa vimekauka.

Kwenye barua ya rufaa, omba yaandikwe maneno "tunashuku upungufu wa kinga wa kurithi." Bila maneno hayo mtoto atapokelewa kama mwenye kikohozi aliyekwisha kupona, na atarudishwa kwa basi la jioni. Huduma kwa watoto walio chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali kwa mujibu wa sera, lakini nauli, malazi na baadhi ya vipimo vikubwa huweza kumwangukia mzazi. Amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya safari, si baada ya kuishiwa.

Jibu likipatikana, matibabu hutegemea pengo liko wapi. Wengi hupewa dawa ya kila siku ya kuzuia maambukizi, kama kotrimoksazoli au penisilini, ambazo ni za bei nafuu na hufanya kazi kubwa kuliko zinavyosifiwa. Wasio na kingamwili huhitaji imunoglobulini kila wiki tatu au nne, maisha yao yote. Ni dawa iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini ni ghali, na kuipata mfululizo ndiyo vita yenyewe. Upungufu mzito kabisa hutibiwa kwa kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na hilo linanipa moyo kwamba watoto wa magonjwa haya mengine nao watafikiwa nchini.

Wakati wa kusubiri, mtoto asifungiwe ndani kama mfungwa. Acheze, ale, anyonyeshwe. Ila homa yoyote ni ya kituo cha afya siku hiyohiyo, na aliye zamu aambiwe kwa maneno wazi: "Huyu ana mashaka ya kinga, tafadhali mwangalie kwanza." Kama kuongezewa damu kunahitajika na upungufu mzito wa limfosaiti unashukiwa, daktari akumbushwe kabla damu haijatundikwa, kwani chembe nyeupe za mfadhili huweza kumdhuru mtoto huyo.

Na kama mtoto alifariki kabla jibu halijapatikana, kazi haijaisha kwa mama ambaye atazaa tena. Mimba inayofuata ikifika miezi saba au minane, mama aende kliniki na lile daftari, amwombe mkunga aandike kwenye kadi yake ya ujauzito kwamba mtoto aliyetangulia alifariki kwa maambukizi makali na inashukiwa kasoro ya kinga. Mtoto akizaliwa, chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio visubiri daktari wa watoto aseme neno, na damu ya kuhesabu limfosaiti itolewe wiki hiyo ya kwanza, kabla mama na mwanawe hawajarudi nyumbani.